Kijino cha Bastola

Jumatatu, 4 Juni 1956

Kupakia pamba tangu alfajiri. Mgongo unauma upande uleule. Saa nne Bwana, Mzungu mwenye ghala, akaniita kwenye uwanja wake wa shabaha nyuma ya ghala, kama kila siku. Yeye husimama ziwa likiwa kushoto kwake, milima kulia. Mimi shimoni, chini ya karatasi ya shabaha. Akipiga, naonyesha tundu kwa fimbo. Halafu natoka na bisibisi ndogo, nazungusha skrubu ya bastola kama atakavyosema. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo vya karibu.

Bastola ina mtutu mrefu kuliko mkono wa mtoto. Mbele kuna kijino, nyuma kuna pengo. Kijino kikikaa katikati ya pengo, risasi huenda unakotazama. Skrubu husogeza pengo. Pengo likienda kushoto, risasi nazo kushoto. Shuleni nilikaa miaka mitatu, sikufundishwa kitu kinachoeleweka hivyo.

Leo zote zilikwenda kulia. Nikasogeza pengo kushoto. Zikaingia katikati. Jioni tena, zote kushoto. Ajabu.

Baadaye nikaisafisha. Tangu wiki jana natumia majivu laini na ndimu, Bwana anataka ing'ae kabla ya shindano la Jumapili huko Fizi. Majivu ananipa Yakobo mpishi, Mubembe, mwenyeji wa kijiji cha Lubondja.

"We Ramazani, unasugua bunduki ao sufuria? Utaipikia bukari?"

Ugali wa kupikia bastola! Simpendi anavyocheka.

Jumanne, 5 Juni

Jana jioni niliiacha sawa kabisa. Leo asubuhi zote kulia. Nikairekebisha. Jioni zote kushoto. Bwana akaniuliza:

"Nani anazungusha? We ao shetani?"

Nikasema sijui, Bwana. Akasema mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na kitabu changu cha kazi kinangoja sahihi yake. Bila sahihi hiyo ofisi ya Fizi hainipi karatasi ya kurudi kwetu Kasongo. Mama yangu haoni tena vizuri. Nilimwachia ahadi ya mwaka mmoja. Huu ni wa nne.

Kuna mtu anagusa bastola ile. Nani? Mlinzi hana ufunguo wa chumba inamolala. Dereva haingii ndani.

Jumatano, 6 Juni

Asubuhi kulia. Nikarekebisha. Saa sita nilimwona Yakobo akitoka chumba cha bastola na taa mikononi. Alisema anakwenda kuzitia mafuta. Nani hutia taa mafuta saa sita mchana?

Jioni zote kushoto. Basi.

Nilimkuta jikoni anapara ndakala, samaki wadogo wa ziwani, kwa kisu.

"We unaniangalia kama polisi," akasema. "Nimeiba kitu ya mama yako?"

"Bastola inaguswa."

"Mi naogopa hata kuipangusa vumbi. We ndiye bibi yake, kila siku unaiosha."

Wapagazi wawili waliokuwa mlangoni wakacheka sana. Nilitamani kumpiga. Najua anachotaka. Ana mdogo wake asiye na kazi, anataka nafasi yangu ya shimoni. Mimi mgeni hapa, wao wenyewe kwa wenyewe.

Nimefanya hivi: baada ya kurekebisha, nilikoroga unga wa muhogo na maji, nikaziba mfereji wa skrubu kabisa. Umekauka kama chokaa. Akitia bisibisi, unavunjika. Nitamkamata.

Alhamisi, 7 Juni

Asubuhi zote kulia. Bwana alikuja mwenyewe mpaka ukingoni mwa shimo, bastola mkononi, uso mwekundu.

"Ramazani! Mara ya mwisho. Nani?"

Nilipaswa kutazama skrubu kwanza. Sikutazama. Nilikuwa naona kitabu changu cha kazi tu.

"Ni Yakobo, Bwana. Nilimwona akitoka chumbani."

Akaweka bastola mezani, akaenda jikoni. Nikasikia sahani ikivunjika. Nikatoka shimoni, nikachukua bastola.

Unga ulikuwa mzima. Mweupe, mkavu, haukuwa na ufa.

Yakobo amefukuzwa kabla ya saa sita. Alipita mbele ya ghala na mkeka wake, Biblia na sufuria yake moja. Alisimama mbele yangu.

"Ndugu yangu, mi nilikukosea nini?"

Akashika njia ya Lubondja kwa miguu.

Ijumaa, 8 Juni

Bwana anakula mkate na samaki wa kopo. Amenuna. Nilizungusha skrubu asubuhi, nikazungusha jioni. Kulia, kushoto, vilevile. Anasema Yakobo ameiharibu ndani. Mimi najua kwamba Yakobo hakuigusa. Nimekaa nalo siku nzima.

Kama si yeye, ni nani? Namshuku mlinzi. Namshuku dereva. Namshuku Bwana mwenyewe, labda mkono wake unatetemeka na anaona haya kusema. Nimechoka kushuku.

Jumamosi, 9 Juni

Watu wa mlimani wanachoma mashamba. Asubuhi moshi ulishuka mpaka ziwani, jua likapotea. Bwana akapiga. Katikati. Tena, katikati. Skrubu sikuwa nimeigusa tangu jana jioni, nilipoirudisha pale ilipokaa zamani, kwenye alama ya kiwandani. Niliirudisha kwa kukata tamaa tu.

Halafu upepo ukaondoa moshi, jua likatoka juu ya ziwa. Risasi zikaenda kulia.

Aliponipa bastola nikaiinua usoni kama anavyofanya yeye. Upande wa kushoto wa kijino uling'aa kama gamba la samaki. Upande wa kulia ulikuwa giza, hauonekani. Jicho linashika pale penye mwanga tu na kudhani ndipo kijino kilipo. Asubuhi jua liko ziwani, linawaka upande huu; mwanga ule ukiwekwa katikati ya pengo, mtutu unaelekea kulia. Jioni liko milimani, linawaka upande ule, na mtutu unaelekea kushoto. Hakuna aliyezungusha kitu.

Kijino kilitoka kiwandani kikiwa cheusi. Weusi ule nimeutoa mimi. Kwa majivu ya Yakobo na ndimu.

Sikusema kitu kwa Bwana.

Jumapili, 10 Juni

Kabla ya gari kuondoka niliwasha kibatari jikoni, nikashikilia kijino juu ya ule moshi mpaka kikawa cheusi kama sufuria. Fizi kulikuwa na baridi. Wazungu wa ofisi na wake zao kwenye viti, sisi nyuma ya kamba. Bwana alipiga vizuri kuliko wote. Hakuna risasi iliyotoka nje ya duara dogo.

Njiani kurudi alikuwa anaimba. Akanigonga begani.

"Unaona? Mpishi ametoka, bunduki imepona. Kesho leta kitabu yako."

Nilitazama nje. Kwenye kona moja barabara ya Lubondja inaonekana.

Jumatatu, 11 Juni

Bwana alikuwa ameshafungua kalamu, kitabu changu mbele yake. Nikasema, "Bwana, Yakobo hakugusa. Ni mimi." Nikamwonyesha kijino. Nikakifuta masizi upande mmoja kwa kidole, nikampa bastola aitazame dirishani penye jua.

Akaiinua usoni. Akasema zamani kwao, alipokuwa kijana, walikuwa wanafukiza kijino kwa mshumaa, na alikuwa amesahau.

Halafu akauliza nimejua lini.

"Kwamba si Yakobo, tangu Alhamisi. Kwamba ni mimi, tangu Jumamosi."

Akafunga kalamu. Kitabu akakitia kwenye droo. Akamwita dereva, akamtuma Lubondja.

Alhamisi, 14 Juni

Yakobo alirudi jana na mkeka wake. Hakunisalimu, na sikutegemea. Mchana niliikuta sahani yangu ya bukari mlangoni mwa jikoni, imefunikwa. Ndakala watatu juu.

Jioni niliingia jikoni na bastola. Nikasema sitaki majivu.

"Najua," akasema, akiendelea kukata kitunguu. "Kibatari iko pale. Nimekuwashia."

Nikafukiza kijino. Kitabu bado kiko kwenye droo. Kesho kupakia pamba.