Baba Ellis na Shingo ya Clevon Mabry

Jirani yetu Purvis Gandy anasimulia hadi leo, kila akikalia kiti cha kinyozi, kwamba siku ile ya Mei mwaka jana, timu za kulipwa za mpira wa Kimarekani zilipochagua vijana wa vyuo, na jina la Clevon Mabry lisiitwe, wewe ulikuwa barazani unakula karanga za kuchemsha na kucheka. Baba, karanga ulikuwa nazo. Hukula wala hukucheka. Nilikaa ngazini nikikuona unazimenya tu na kuzirudisha bakulini.

Mwaka umetimia tangu moyo wako uliposimama, tarehe tisa Novemba 1978, ndani ya gari, nje ya uwanja wa chuo, saa ya kupimia mbio ikiwa mkononi.

Kazi yako ilikuwa kusaka vipaji, na timu tisa zilisoma ripoti zako. Ulizunguka Mississippi yote ukipima viganja vya vijana na mbio zao za yadi arobaini. Lakini kabla ya kocha ulimuuliza kwanza mama anayefua jezi. "Kocha anauza," ulisema. "Yule mama ndiye anayejua nani anamtupia soksi sakafuni."

Jioni ulitundika shuka jikoni ili tutazame filamu za mechi.

"Ellis! Shuka langu la harusi hilo!" Mama alifoka.

"Verdine, nyamaza. Shuka lako lina kazi kuliko Thurman."

"Nakusikia, Baba!" kaka yangu alijibu kutoka chumbani.

Mimi niliendesha mashine ya filamu. Shule niliiacha darasa la nane, miguu ya Mama ilipokataa, lakini hukunihesabu mjinga. "Ozella, usitazame mpira," ulinifundisha. "Mpira hautafuti kazi."

Basi nikamtazama Clevon. Ulikuwa umemsifu tangu Septemba, kwamba kwa miaka ishirini hujaona kijana anayeangusha watu namna ile. Nikakuuliza, "Baba, mbona huyu akitaka kuangalia kushoto anageuza na mabega?"

Ulinirudishisha filamu mara saba. Kisha ukawasha taa. Chakula chako kilipoa mezani.

Kesho yake tulimfuata chuoni. Nilibaki garini, dirisha wazi.

"Mkono unakufa ganzi tangu lini?" ulimuuliza.

Clevon aliuficha mkono nyuma. "Mzee Rayford, hilo usiliandike. Nakuomba."

"Kapige picha ya shingo hospitali, mwanangu. Ikiwa nzima, nitaandika hivyo kwa herufi kubwa."

"Na isipokuwa nzima?"

Ulimsubiri wiki tatu, hakwenda. Ndipo ukaziandikia timu zote tisa ulichokiona.

Zamani ulipoingia kwa kinyozi walikuwa wakipiga kelele, "Simameni wima jamani, mpimaji huyo! Purvis, ficha viganja vyako!" Nawe ulimjibu, "Viganja vizuri, ila wewe hujawahi kukamata kitu ila uma." Baada ya Mei ile ukawa unaingia wanafungua gazeti. Walisema umemharibia Clevon kwa kuwa alikikataa chuo ulichosoma wewe. Sentensi moja tu ingewafunga midomo. Nilikwambia uiseme. Ukajibu, "Mwili wa mtu si habari za kinyozi."

Ukanyamaza, nami nikanyamaza. Tukakuzika na lawama, na hakuna aliyejua kwamba jicho lililoiona shingo ile lilikuwa langu.

Leo naandika haya gazetini kwa sababu Clevon anacheza tena. Kila Jumamosi yuko na timu ya kiwanda cha mbao, na bado anawavamia watu kwa kichwa kama zamani. Nisamehe, Baba, kama nimevunja kimya chako. Heri anichukie akiwa anatembea kwa miguu yake.

Unakumbukwa na mkeo Verdine, ambaye bado anaweka vikombe viwili vya kahawa halafu anarudisha kimoja. Mwanao Thurman, aliyepata kazi Agosti, ungemtania sana. Dada yako Lutie. Na mimi Ozella. Siku zote tulizobakiziwa, hatutakusahau.

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye uzio nikamwita. Nikamwambia, "Clevon, gari la Baba lipo hapo nje. Jumatatu nitakupeleka mwenyewe hospitali, na sitamwambia mtu watakachokuta. Alikuomba yeye, sasa nakuomba mimi. Twende?"

Filimbi ikalia. Akavaa kofia yake ngumu, akarudi uwanjani.