Uwanja Uliouchora Ukutani

Kaka yangu Selemani,

Ule uwanja wako nimeukandika udongo Jumamosi. Nakuandikia ulisikie kwangu kwanza, ingawa miaka inakwenda tangu tukuzike.

Ulikuwa darasa la sita, mimi la tatu, wazee walikuwa shambani kwenye mikorosho. Ukaokota mkaa jikoni ukaniambia kuna sayari ya mbali, mji wake mkuu unaitwa Nurani, na uwanja wa katikati ya mji ndio huu. Ukajaza ukuta mzima wa chumba cha mama. Mnara wa kuitia vyombo vya angani. Watu wembamba kama njiti za kiberiti, wamejaa. Bomba la maji linalomjua kila mtu kwa jina.

"Nani anafagia?" nilikuuliza, maana ufagio nilikuwa nao mkononi.

"Unajifagia wenyewe."

"Na maji anachota nani?"

"Hachoti mtu."

"Sasa mimi huko nitafanya kazi gani?"

Ulifikiri sana. "Utakaa tu, dada. Mpaka uchoke kukaa."

Huko sijafika. Nina watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya, na mchana analala chumbani kwa bibi yake. Ukuta ule ulipasuka. Mvua zilizopita maji yalipenya, mtoto akakohoa mpaka nikaogopa. Safari hii nilileta udongo wa kichuguu mapema, nikaukanyaga mwenyewe. Mama akaja kusimama mlangoni.

"Kwingine kote kandika. Hapa usiguse."

"Mama, mtoto ataumwa tena."

"Mwanangu kaichora Makka kwa mkono wake, leo niifunike tope? Una wazimu wewe?"

Makka, kaka. Mnara wako kauona wa msikiti, watu wako mahujaji. Miaka yote anawaleta majirani, hata shehe, waone, mimi nikidhani anawaonyesha tu mchoro wa marehemu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mvua hainyamazi, na sikutaka mtoto alale kwenye unyevu kwa jambo ambalo wewe hukulisema. Nikanawa mikono, nikamweleza yote, bomba, vyombo vya angani, sayari yenyewe. Alisikiliza kama anayesomewa barua ya serikali.

"Kwa hiyo si Makka."

"Si Makka, mama."

"Mtundu yule! Kanifanya nimdanganye shehe mzima." Akacheka kidogo. Kisha akasogea ukutani. "Na mimi nimo?"

Hilo sikuwahi kukuuliza. Nikatafuta, nikamwonyesha mmoja aliyewazidi wenzake unene.

"Mbona kaninenepesha?"

"Huko chakula kipo, mama."

Sijui ulimkusudia nani. Kama nimekosea, unisamehe. Sikuwa na wa kumuuliza.

Tulikandika pamoja hadi adhuhuri. Sikulia, na mchoro wenyewe ulikuwa umeshafifia. Mtoto sasa analala pakavu, nilichotaka ni hicho. Ila ujue mama alivyofanya. Alianzia juu, kwenye mnara, akashuka akilipiga tope kwa nguvu zake zote kama unavyomjua. Yule mnene akamwacha mpaka mwisho. Huyo hakumpiga tope. Alimpaka kwa kiganja, polepole, akarudia mara ya pili.

Mungu akulaze pema.

Mdogo wako,
Kijijini Kiranjeranje