Dagaa Wasio na Mchanga

Konso,

Sikuulizi habari za huko uliko. Nimekasirika, na nikianza na salamu nitalainika, nami sitaki kulainika kabla sijakueleza yaliyonipata huko kwenu Rumonge.

Ningekuja kuyasema kaburini kwako Gungu kwa mdomo, lakini sauti yangu unaijua. Watu wa Gungu wangesema Mwajuma wa Ujiji kachanganyikiwa, anagombana na marehemu. Kwa hiyo nimekaa hapa Kibirizi, kwenye benchi letu katikati ya vichanja vya kuanikia, naandika. Dagaa wa leo nimeshawageuza. Jua ni kali, watakauka vizuri bila mimi.

Tangu tukuzike sijapumua. Matanga hayajaisha, Mzee Kaseke, mwenyekiti wa mwalo wetu hapa ufukweni, akaja kunipa pole. Akakaa, akanywa chai, akakusifu sana kwamba ulikuwa mkimbizi mwenye adabu. Halafu akavitazama vichanja vyetu akaguna. "Mwajuma mwanangu, mwenye akili hii keshakufa. Haya madude yanatumalizia ufukwe. Mwezi ukishapungua, wavuvi wakirudi ziwani, nataka nikute una mnunuzi wa hao dagaa wako wa kizungu. Usipompata, nang'oa, nafasi nawapa wenzako waanike." Wewe ndiye uliyekuwa na majibu. Mimi nilikuwa na mkono tu wa kugeuzia dagaa.

Maana haya yote umeyaleta wewe. Sisi hapa tangu zamani dagaa tunawamwaga mchangani, wanakauka, tunawafagia pamoja na mchanga wao, tunatia guniani. Hakuna aliyelalamika. Ukaja wewe kutoka Burundi na kitenge kimoja na ndala zisizofanana, hujamaliza hata wiki ukasimama hapa ukacheka. "Mnauza ziwa pamoja na ufukwe wake!" Nikakuchukia siku ile, wallahi. Kesho yake ukaniletea sahani ya dagaa uliowakausha juu ya chandarua ulichokitundika kati ya miti miwili. Nikatafuna nikisubiri ile karakacha ya mchanga kwenye meno. Haikuja. Tukawa mashoga kuanzia hapo.

Ukanishika masikio, Konso. Nikauza cherehani ya marehemu mama tukanunua wavu wa waya na nguzo. Watu wakatucheka, wakasema tunaanika dagaa kama nguo za harusi. Na walanguzi wa hapa hawakutuongezea hata senti. Unamkumbuka yule mnene? "Mchanga tunaosha, mama. Kwani maji tunanunua?" Mimi nikanywea. Wewe ukanikandamiza bega ukasema, "Hawa achana nao. Soko letu liko kwetu. Rumonge wakimwona dagaa asiye na mchanga watapigana."

Kwetu, kwetu. Nimelisikia hilo neno mpaka nikaliota. Nawe hukuweza kuvuka. Ulisema ukionekana upande ule watahesabu umerudi kwa hiari yako, na huku hutapokelewa tena. Basi ukawa unanichorea soko la Rumonge hapa chini kwa kijiti. Hili lango la upande wa ziwani. Huu mstari wa chumvi, huu wa mawese, hapa kwenye kona anakaa Mama Yuditha, yeye hununua kwa niaba ya watu wa milimani na hana longolongo. Mwambie umetumwa na mimi. Ukafuta, ukachora tena, ukaniuliza maswali kama mwalimu wa darasa la kwanza. Halafu ukashikwa na homa, ukaniambia kesho utakuwa mzima, nisidhani umenuna. Kesho hiyo hadi leo naingoja.

Nikapiga moyo konde. Nikapakia magunia yote tuliyokuwa nayo, nikaacha vichanja vitupu, nikapanda boti la asubuhi. Njiani askari wakatusimamisha, wakayachoma magunia kwa chuma wakitafuta silaha. Silaha kwenye dagaa! Moyo ulikuwa unaniuma kila chuma kilipoingia, maana nilikuwa nasikia wanavyovunjika.

Haya, nikafika. Konso, lile soko lako halipo! Lango la ziwani ni ukuta. Kwenye mstari wa chumvi wanauza viatu vya mitumba. Mawese sijui yamehamia wapi. Nilizunguka na mpagazi mmoja wa mkokoteni mpaka akaniuliza, "Mama, hii ramani ulipewa na nani?" Nikamwambia na mtu wa hapahapa. Akanitazama kwa huruma. Vita imepita juu ya ramani yako, shoga yangu, imefagia kila kitu, nawe ulikuwa unanichorea kwa uhakika ule kana kwamba umetoka pale jana.

Na Mama Yuditha je? Subiri nikwambie, ucheke au ulie, mimi sijui nilifanya lipi. Niliulizia mpaka nikapata mama mmoja anayemfahamu. Akasema, "Yuditha? Alikimbilia kwenu zamani. Yuko kambini, huko Kasulu." Kasulu! Nimevuka mpaka na magunia yangu, yamedungwa chuma, kwenda kumtafuta mtu ambaye angepanda basi tu akatufikia. Miaka yote ile mko nchi moja, wewe unamweka kwenye kona ya soko. Nilikaa juu ya gunia nikakutukana. Samahani, lakini nilikutukana kweli.

Hilo lilikuwa dogo. Nikatafuta pa kukaa, nikafungua gunia, wanawake wakaja. Wanasema Kiswahili safi, tena mimi na Kiha changu na wao na Kirundi chao tunasikilizana vizuri. Askari hawawaachii wavuvi wao kuingia ziwani kila wanapotaka, kwa hiyo njaa ya dagaa ipo, hilo hukukosea. Wakachota, wakanusa, wakapepeta kwenye viganja. Mmoja akatazama kiganja chake kilivyo kisafi, akawatazama wenzake. Wakawarudisha dagaa guniani polepole, wakaondoka.

Sikuelewa. Wakaja wengine, ikawa vilevile. Mpaka yule mama lishe niliyekaa karibu na jiko lake akanionea huruma, akaninong'oneza. "Dada yangu, dagaa akiwa hana mchanga ujue ameoshwa. Na anayeoshwa ni yule wa zamani aliyeoza, wanamsafisha, wanamkausha upya, wanatuletea. Wametudanganya sana hao wakati wa vita. Mchanga ndio unatuonyesha kuwa ametoka ziwani."

Umesikia, Konso? Mchanga! Ule mchanga tuliouzia cherehani ili tuukimbie! Wanautafuta kama muhuri! Hivi wewe uliyezaliwa pale, uliyekulia pale, hukulijua hilo? Au halikuwepo enzi zako? Nilitamani nikuvute kutoka huko uliko nikusimamishe mbele yao ujieleze. Nilimwona Mzee Kaseke akilini mwangu na shoka la kuangushia vichanja. Nikawaza niinuke nikachote mchanga ufukweni, niwamwagie dagaa wetu, niuze nirudi nyumbani. Kweli kabisa, niliinuka. Nikafika mpaka kwenye maji. Mkono ukagoma. Nilikuona unavyochambua hapa, dagaa mmoja mmoja, ukiimba puani.

Nikarudi. Nikamwomba yule mama lishe sufuria na mawese kidogo. Nikakata kitunguu, nyanya, pilipili. Wale wanawake wakawa wananitazama kwa mbali. Mafuta yalipochemka, nikachota dagaa kwenye gunia nikawatia sufuriani moja kwa moja, bila maji, bila kuwapitisha hata kwenye bakuli. Wee! Zikapigwa kelele. "Oya! Oya! Hajawaosha!" Mmoja akaziba mdomo. Wakanizunguka kama wamekuja kumwona mwehu. Nikapakua, nikala mbele yao, nikatafuna mdomo wazi bila aibu ili wasikie. Nikawaambia, "Aliyeoza ana uchungu. Na mwenye mchanga analia kwenye meno. Njooni msikilize."

Akajitokeza mmoja, mtu mzima, wanamwita Mama Goreti. Akatia dagaa mdomoni, akafumba macho, akatafuna taratibu. Soko lote likamngoja. Akameza. Akachukua mwingine. Ndipo akaniuliza kazi hii nani kanifundisha.

Nikasema, Konsolata. Akauliza, Konsolata yupi, maana wako wengi. Nikakumbuka zile hadithi zako ambazo nilikuwa nakwambia nimezichoka. Nikasema, binti ya fundi baiskeli, yule aliyekuwa akiimba puani akifanya kazi, na bintiye kamrithi. Mama Goreti akashika shavu. "Konsolata wa fundi baiskeli! Yuko hai?"

Nilijiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikatikisa kichwa. Na hapo nililia, Konso, katikati ya soko la watu, mwiko mkononi. Kwenye mazishi yako sikulia vile. Wakaketi wote chini pamoja nami, hakuna aliyenihimiza. Dagaa wakaungulia sufuriani.

Walipoinuka wakala. Hata wale waliokuwa wameungua wakaliwa. Mama Goreti akachukua magunia yote.

Usifurahi upesi. Kanipa bei ileile ya wenye mchanga! Nikamlilia, nikamweleza kazi tunayoifanya, nikamtajia waya na nguzo. Akasema kwanza watu wa milimani wazoee, bei tutaizungumza baadaye. Mwenzangu, hasara sikupata, faida sikuiona. Nimerudi na nauli na mgongo unaouma. Ile cherehani bado iko kwa Mhindi pale Ujiji, naipita kila siku nikigeuza uso.

Lakini ameagiza tena. Nimemwambia Mzee Kaseke, akakwaruza kidevu, akasema basi vichanja vibaki. Aliona aibu kidogo, nami sikumsaidia kuiondoa.

Sasa nikwambie kilichonikasirisha kuliko vyote, ndicho hasa kilichonikalisha hapa kuandika. Jana nahodha wa boti amerudi kutoka huko. Anasema dagaa wetu wamepata jina Rumonge. Wanawake wanapita sokoni wanaulizia dagaa wa Konsolata. Wa Konsolata! Mimi niliyeuza cherehani, niliyechomewa magunia, niliyetafuna mdomo wazi mbele ya halaiki, sitajwi hata kwa bahati mbaya. Wewe uliyekuwa ukitetemeka ukisikia neno mpaka, sasa unavuka na kila boti, hakuna anayekuuliza karatasi, na nauli nalipa mimi.

Nilinuna tangu jana mchana. Leo asubuhi nimepanga magunia ya kupakia, nikachukua kipande cha mkaa niandike jina langu juu yake, wakome. Nikaandika K. Mkono huu mjinga. Basi nikamalizia jina lako lote, kwenye kila gunia.

Nakuahidi hiki kimoja. Hata mvua ininyeshee, hata Mzee Kaseke abadilike tena, dagaa wako hawatagusa mchanga. Na Mama Goreti ameniambia karakana ya baba yenu imebaki ukuta mmoja umesimama. Nitakwenda pale kwa ajili yako, nitauegemea kidogo, halafu nitarudi kwenye kazi.

Boti linapakia, wananiita. Lala, shoga yangu, usihangaike tena kutafuta njia. Ulisema utarudi kwenu siku utakapokuwa na kitu cha kubeba, na unaondoka sasa hivi.

Mwenzio wa vichanjani,
Mwajuma