Gari Lililozaliwa Sebuleni

Mdogo wangu kipenzi,

Sisi wazima. Kuku wa jirani nao wazima, bado wanatuchakuria bustani.

Shemeji yako amelimaliza lile gari lililokuja vipande vipande masandukuni. Kaliunga hapa sebuleni, maana tangu nikatwe mguu sitoki, naye hakutaka kuniacha peke yangu kutwa nzima. Kazi yangu ilikuwa kumpa spana. "Kumi na tatu, fundi mkuu!" ananiambia, nami nampa kumi na mbili makusudi, tunacheka mpaka machozi.

Jumamosi akafunga tairi la mwisho, akalisukuma hadi mlangoni. Mdogo wangu, gari pana kuliko mlango! Akapima, akapima tena, utadhani mlango utamwonea huruma.

"Mume wangu," nikamwambia, "nyundo iko nyuma yako."

Hata kiti changu cha magurudumu hakipiti mlango ule. Kutoka, sharti nibebwe mgongoni kama gunia, na unajua nilivyo, basi nikajifungia ndani mwaka mzima. Hilo sikukwambia kwenye simu.

Akabomoa ukuta kando ya mlango, akatandika mbao za kushushia gari, majirani wakapiga vigelegele. Akarukia usukani. Kabla hajawasha, mimi nilishashuka zile mbao na kiti changu, nikikisukuma kwa mikono yangu mwenyewe, niko nje juani, nampigia honi kwa mdomo: "Piii! Unachelewa!"

Sasa anataka kuujenga ule ukuta upya. Nimemwambia athubutu!

Ni mimi dada yako,
ninayekuandikia nikiwa barazani.