Safi, Mara Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Vitunguu vimeungua tena. Nimesimama palepale jikoni, mwiko mkononi, nakaanga vipande vya bekoni vya kuchanganya na maharage — sikusikia harufu yoyote! Baba watoto kaingia anakohoa, akaniuliza kama siku hizi nimeamua kuwalisha makaa. Nikacheka. Moyoni nalia.

Wiki ya tatu sasa. Homa ilipoondoka iliondoka na pua yangu. Nimenusa karafuu, siki, soksi za watoto. Patupu.

Alhamisi, 6 Juni

Leo siku ya sindano. Mapaja ya nguruwe kumi na matatu yametoka kwenye chumvi na moshi, yananing'inia chumba cha nyuma cha bucha letu. Unachoma sindano ya mfupa mpaka kwenye kiungo, unachomoa, unanusa. Maana nyama hii ikioza huanzia mfupani. Nje inang'aa kama kawaida. Kazi hiyo ni yangu tangu mama mkwe aliponikabidhi sindano, akawaruka binti zake wawili. Mtaa mzima unaniita Pua.

Sasa ningesema nini? Wateja wamejaa mlangoni. Nikachoma, nikavuta pumzi, nikafumba macho kama siku zote. "Safi," nikasema. Mara kumi na tatu. Mungu wangu!

Ijumaa, 7 Juni

Kumi na mawili yameshachukuliwa, yote ya mlo wa sikukuu, keshokutwa. Mwalimu mkuu atalichemsha lake kisha alipake asali. Fundi cherehani atalila na viazi, mfupa atautia kwenye supu ya dengu ya wiki nzima. Wananieleza kwa furaha, mimi natikisa kichwa kama mjusi. Lililobaki ni letu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekumbuka nikiwa napiga mswaki. Siku ya kutia chumvi ndiyo siku homa iliponishika! Chumvi ya kiungoni husukumwa ndani kwa kidole gumba, mpaka kidole kinauma. Je, nilisukuma? Kuanza nakumbuka. Kumaliza sikumbuki. Na kidole hakikuuma.

Nimwambie Baba watoto? Ataniuliza kwa nini nilisema safi. Mficha maradhi kilio humuumbua — najua, najua! Laiti ningekuwa mimi peke yangu wa kuumbuka. Kuna watoto kwenye nyumba zile.

Jumapili, 9 Juni

Saa nne na nusu asubuhi. Paja letu liko mezani, halijaingia chunguni. Nimeshindwa.

Nimelichoma kiungoni, nikampelekea mama mkwe sindano chumbani kwake, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Nikamwomba anuse.

Kaigeuzageuza vidoleni. Hakuipeleka puani hata kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, pua yangu ilikufa mwaka ulioolewa hapa. Unadhani kwa nini nilikufundisha upesi vile?"

Miaka kumi na sita najivuna kwamba alinipenda kuliko binti zake! Kumbe alikuwa papa hapa nilipo mimi. Ila yeye alitafuta pua ya mtu mwingine, mimi nikafumba macho. Hakunigombeza. Alilia kidogo, nami nikalia, tukawa kama watoto waliovunja mtungi. Halafu akamwita mwanawe kwa ile sauti yake ya zamani, ya kule bucha.

Baba watoto kaja na kisu cha kumenyea viazi bado mkononi. Mama akamwambia achome sindano kiungoni, anuse, asiulize kitu. Akachoma. Akanusa. Akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia mimi, si mama yake.

"Mengine yako wapi?"

Sasa yuko nje, anahangaika na gari, linagoma kuwaka. Simu ya mwalimu mkuu inaita tu, haipokelewi. Naandika nyumba zote hapa ili nisisahau hata moja: mwalimu kwanza, kwao wanakula mapema. Fundi cherehani. Nesi wa jirani, mwenye mapacha. Yule mzee wa duka la vioo. Bado nyumba nane. Na mama mkwe, ambaye hajavuka geti mwaka mzima, anauliza viatu vyake viko wapi.