Walivyoniweka Sauti ya Tatu

Alhamisi, 6 Februari

Mahindi bado hayajaisha. Tunapukuchua tangu asubuhi, mimi na Jenipha, mke wa mwanangu. Ndiye anayeniandikia, maana mimi shule sikuiona. Simu yake tumeiegemeza kwenye debe, inaimba. Mchezo wetu ule ule. Yeye anaweka mwimbaji, mimi nasema ni sauti gani. Ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume, kama kwenye kwaya. Leo kaweka mwimbaji mmoja wa Bongo Fleva, nikasema mwanamke huyo, ya kwanza. Kumbe ana ndevu. Tumecheka mpaka mbuzi akapanda kwenye turubai akala mahindi. Mbuzi huyu nitamuuza, sitanii.

Halafu kaweka msichana wa nywele za bluu, macho kama sahani, anarukaruka. "Huyo hayupo, mama. Ni kompyuta." Nikamwambia arudie. Ya kwanza, juu kabisa, lakini hapumui popote. Mtu akiimba, pale anapovuta pumzi ndipo unapomjua. Huyu nimekosa pa kumweka.

Jioni mazoezi ya kwaya. Koo linakwaruza. Tangawizi.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani nimekaa benchi la wanaume. Hili sijalieleza. Mwaka ulipoanza, mwalimu wetu wa kwaya, Deogratias, alipita kwa kila mtu akitega sikio mdomoni, apange sauti upya. Mimi nimeimba ya kwanza tangu Jenipha hajazaliwa. Siku hiyo sauti ikagoma kupanda. Niliogopa. Mama ambaye sauti haipandi wanamwambia sasa wewe ni mlezi wa kwaya. Maana yake kaa chini upige makofi.

Lakini vijana wa ya tatu wamekwenda machimboni kutafuta dhahabu. Kabaki Sospeter, fundi seremala, peke yake. Mwalimu akanishusha, akanishusha, mwisho akafungua simu yake inayopima sauti. Nayo ikasema ya tatu, ya wanaume. Akapiga kelele, "Mungu katuongezea mwanaume!" Kanisa zima kicheko. Sospeter akanisogezea nafasi. "Shikamoo, baba." Nikamjibu, marahaba kijana, kaa vizuri, usikunje mgongo.

Nilifurahi. Mpaka leo nafurahi.

Alhamisi, 27 Februari

Nyimbo za Pasaka zimeanza. Mwalimu kasema ya tatu haijawahi kuwa nzito namna hii. Anayesifiwa hapo ni mimi.

Kumeza shida. Ugali wa muhogo unakwama, nausukuma kwa maji. Jenipha anataka twende zahanati. Nimemwambia baada ya Pasaka. Na ole wake amwambie mwalimu. Nataka kusimama pale siku ile, basi. Sitaki kuwa mlezi.

Jumanne, 4 Machi

Tulikuwa tunachambua maharage, simu inaimba. Dada mmoja wa Kongo, ya pili, nono kabisa. Kaka mmoja wa injili anajilazimisha ya nne, kifua chake ni cha ya tatu. Kisha ikaja sauti bila ngoma. Nikasema, mwanaume, mzee, ya tatu. Nikaongeza kwamba ni mgonjwa. Sikiliza anavyovuta pumzi, kama mtu anaburuta gunia sakafuni. Wampeleke hospitali, wasimwimbishe.

Jenipha kaacha maharage. Nikamwuliza, ni nani huyo, mtu wa wapi?

"Mama, ni wewe. Nilikurekodi Alhamisi kwenye mazoezi."

Nimemwambia azime. Sijala.

Jumatano, 12 Machi

Hospitali ya Biharamulo mjini waliniangalia, wakatutuma Mwanza. Mwanza wamepitisha mpira wenye kamera puani mpaka kooni. Daktari kijana, shikamoo yake nzuri, habari yake mbaya. Kuna uvimbe. Umekalia pale pale sauti inapotokea. Saratani. Huo ndio ulioishusha sauti yangu. Siyo uzee. Siyo Mungu kuongeza mwanaume.

Watakata, watoe kisanduku chote cha sauti. Nitapumulia tundu la shingoni. Kuongea basi. Wasipokata, njia ya pumzi itaziba. Nikamwomba angoje Pasaka ipite. "Bibi, kwa koo hili Pasaka ni mbali."

Nimemchukia. Kijana wa watu hana kosa, lakini nimemchukia.

Jumapili, 16 Machi

Niko nyumbani. Kanisani sikwenda. Sitaki kukatwa. Mimi nisiyeongea ni nani? Marehemu mume wangu alikuwa anakimbilia shambani apumzike na mdomo wangu, na akikaa huko sana anarudi kuuliza mbona kimya. Bora nizikwe nao.

Mwalimu Deogratias kaja, kakaa hapa mkekani. Kasema hakujua. Najua hakujua. Lakini alitega sikio hapa mdomoni, na alichosikia ni benchi lake limejaa. Nimemwambia hivyo. Akalia. Nikampa ndizi za watoto wake. Hasira haijaisha.

Kabla hajatoka kasema siku hizi ukiipa kompyuta nyimbo zako za zamani inaweza kukuimbia, kama yule wa nywele za bluu. Ana nyimbo zangu za harusi nyingi. Nimekataa. Iimbe nini huko mimi nikiwa jikoni sina habari?

Jioni mwanangu kapiga simu kutoka machimboni. Huyu hata salamu unamvuta kwa kamba. Leo kasema, "Mama, mimi nakutaka wewe. Kuongea nitaongea mimi." Akakata. Sijui kama salio liliisha au nini.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekubali. Basi la Mwanza tumepandia Nyakanazi. Nimeongea njia nzima. Mama niliyekaa naye nimemweleza ya mbuzi, ya ndoa yangu, ya jirani aliyeng'oa mihogo yetu usiku halafu akaja kuomba chumvi. Akahama kiti. Nikamgeukia Jenipha. Nikamtajia wote niliowahi kuimba nao, wazima na waliokufa, na sauti ya kila mmoja. Kwenye ya kwanza peke yake waliokufa ni wengi kuliko wazima.

Sauti imebaki kama karatasi ikikunjwa. Wamenilaza. Kesho asubuhi.

Naogopa. Naogopa sana.

Jumanne, 25 Machi

Muuguzi kasema nisiongee, nitunze nguvu. Nimeongea.

Jumamosi, 17 Mei

Jenipha anaandika anachodhani, ananisomea, mimi natikisa kichwa. Ndiyo, siyo. Inachukua muda mrefu.

Pasaka ilipita nikiwa wodini. Tundu linauma asubuhi, likikauka. Nafunika kwa kitambaa vumbi lisiingie. Kuku siwaiti. Napiga kopo, wanakuja.

Leo kuna msiba kwa jirani. Nimekwenda, nimekaa na wanawake tunamenya ndizi. Wananiongelesha kwa kupaza sauti, kama mimi ni kiziwi. "MAMA, KISU KINAKATA?" Kinakata. Mtoto mmoja alikuwa anaangalia shingo yangu, mama yake akamfinya.

Kwaya ikaja, ikasimama nje ya mlango. Sospeter yuko peke yake kwenye ya tatu. Kaniona, kainua kofia. Wakaanza. Ule wimbo mahali fulani ya kwanza wanakaa kimya na ya pili wanakaa kimya, inabaki ya tatu kubeba. Sospeter pumzi ikamwishia katikati. Hakuna aliyeipokea.

Mdomo wangu ukafunguka. Pumzi ikatokea shingoni, kitambaa kikapepea kidogo.

Nikachukua ndizi nyingine, nikamenya.