Leo Tutembee Tu

Neema mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Tanga tu wazima. Dada yako kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza utamfundishaje salsa yule mjane wa Bur Dubai anayelia kila muziki unapoanza. Mimi shangazi alinipeleka kujifunza chacha punde baada ya kumzika mama. Miguu ikagoma. Mwalimu, Bi Stela, hakunisukuma. Aliinua sindano ya santuri, akanishika mkono, akasema, "Leo tutembee tu." Tukazunguka ukumbi, nikalia mpaka nikatosheka. Juma lililofuata nilimwomba mimi mwenyewe aweke santuri.

Ulipokuwa ukicheza jukwaani hotelini, ulizoea kutazamwa. Sasa u mwalimu. Mtazame yeye, utajua lini yuko tayari.

Bibi yako akupendaye